Lugha ya Usalama wa Kompyuta: Uhakiki wa Maneno ya Chuoni kwa Kipimo cha Ilagala

Katika makala haya nakusudia kuhakiki lugha ya somo moja lililo jipya katika vyuo vyetu vikuu, yaani somo la usalama wa mitandao na kompyuta. Sihakiki hesabu zake wala mitambo yake, kwani hayo yana wenyewe. Nahakiki maneno yake: yale yaliyotungwa kwa Kiswahili ili kulieleza, yale yaliyoachwa bila kutungwa, na yale ambayo watu wamejifanyia wenyewe pasipo kungoja baraza wala kamati. Kipimo changu ni Ilagala, katika Wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma, karibu na mahali ambapo mto Malagarasi huingia katika Ziwa Tanganyika. Watu wa huko husema Kiha, Kitongwe na lugha nyingine majumbani, na Kiswahili sokoni. Huishi kwa kuvua, kulima na kukamua mawese. Na fedha zao, kama za Watanzania wengine, hupita siku hizi katika simu ya mkononi. Neno la usalama likieleweka hapo, limefaulu. Lisipoeleweka hapo, halijafaulu, hata likipigiwa makofi katika mkutano wa wataalamu.

Kazi ya kutunga istilahi si ngeni kwetu. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kamusi zake zilizosimamiwa na Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939. Kamati hiyo ndiyo mzazi wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyowekwa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa likafuata mwaka 1967. Kwa upande wa kompyuta, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosemeshwa Kiswahili. Watu hao walijenga njia, na sisi twaipita. Si haki kuwabeza. Walakini historia hiyo yatufunza ya kwamba kutunga neno ni nusu ya kazi, na nusu ya pili i mikononi mwa msemaji. Tulipata "ngamizi", tukapata "tarakilishi", na tukapata "kompyuta". Tarakilishi limeshika mizizi katika vitabu vya shule vya Kenya. Tanzania kompyuta ndilo lililoenea. Ngamizi limebaki likitajwa na wasomi wa historia ya istilahi. Hakuna aliyepiga kura. Wasemaji walipita tu, na neno lililowafaa wakaenda nalo.

Tuanze na jina la somo lenyewe. Twasema "usalama wa mtandao". Katika maneno hayo mawili hakuna hata moja lenye mpaka. "Mtandao" kwa mhandisi ni kompyuta kadha zilizounganishwa, hata zikiwa tatu tu chumbani. Kwa msomaji wa magazeti ni intaneti. Kwa mtu wa Ilagala ni kampuni ya simu, ndipo aulizwapo "Watumia mtandao gani?" hutaja jina la kampuni, na akisema "mtandao umekata" ana maana ya mawimbi ya mnara. Bunge lilipotunga Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 liliongeza maana ya nne, kwa kuwa miongoni mwa makosa hayo limo la kuingia katika mfumo wa kompyuta pasipo ruhusa. Mtu aweza kutenda kosa hilo kwa kuketi mbele ya mashine ya mwenziwe isiyounganishwa na kitu chochote. Basi kosa ni la mtandao, na mtandao wenyewe haupo.

Neno "usalama" nalo labeba mizigo miwili. Twasema usalama barabarani, tukikusudia kuepukana na ajali isiyo na adui. Twasema usalama wa taifa, tukikusudia kujikinga na adui mwenye nia. Katika kompyuta mambo haya mawili hayana budi kutengwa: mashine iliyozimika kwa sababu ya radi si sawa na mashine iliyozimwa na mtu. Lugha yetu ina neno "ulinzi", nalo ladai awepo wa kulindwa dhidi yake. Waliounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sheria ya mwaka 2022, walichagua vema. Ningependa vyuo vifuate mfano huo: "ulinzi wa kompyuta" pale adui alipo, na "usalama" pale tunaposema juu ya hali ya jumla.

Sasa natazama tafsiri zilizokosea kwa kufuata neno badala ya kufuata kazi. Mfano ulio wazi ni "ukuta wa moto". Kifaa kinachoitwa hivyo husimama kati ya mtandao wa ndani na ule wa nje, kikapima kila kinachotaka kupita, kikaruhusu hiki na kukikatalia kile. Jina lake katika lugha lilikotoka lilichukuliwa kwa wajenzi, ambao hujenga ukuta mnene ili moto wa nyumba moja usivuke kwenda nyumba ya pili. Mtafsiri akachukua ukuta, akachukua moto, akavifunga kwa kiunganishi "wa". Lakini katika Kiswahili, ukuta wa mawe umejengwa kwa mawe, na ukuta wa udongo umejengwa kwa udongo. Basi ukuta wa moto umejengwa kwa moto! Mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hii huona miali ya moto ikizunguka kompyuta, naye hujiuliza adui ataungua vipi. Zaidi ya hayo, ukuta hauchagui, na kuchagua ndiyo kazi yote ya kifaa hiki. Kiswahili kina neno la zamani la mtu aketiye mlangoni akiuliza kila ajaye: "bawabu". Sidai ya kwamba bawabu litapendwa sokoni. Ngamizi limetufunza tusiape. Nadai tu ya kwamba mwalimu atakayesema "hiki ni bawabu wa mtandao" atakuwa ameeleza kwa maneno matano jambo ambalo ukuta wa moto hulificha.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu wagusa nguzo za somo. Wanafunzi hufundishwa tangu juma la kwanza ya kwamba taarifa hulindwa kwa njia tatu: isionwe na asiyehusika, isibadilishwe na asiyeruhusiwa, na ipatikane kwa mwenyewe aitakapo. Ya kwanza twaiita usiri, na ya tatu upatikanaji, nazo hazina neno. Ya pili huonekana katika tafsiri nyingi kwa jina la "uadilifu wa data". Hapa mtafsiri amefungua kamusi, akakuta maana ya kwanza ya neno, akaridhika. Uadilifu ni sifa ya mtu mwenye dhamiri. Hakimu huwa mwadilifu, karani huwa mwadilifu, bali tarakimu haina dhamiri. Kinachotakiwa ni kuwa taarifa imefika kama ilivyotoka, haikupunguzwa wala kuongezwa. Mfanyabiashara wa dagaa ana neno la hali hiyo. Gunia likitoka mwaloni likafika Kigoma halijafunguliwa, husema "gunia zima". Likichotwa njiani, si zima tena, hata kama dagaa waliobaki ni wazuri. Basi twaweza kusema "uzima wa taarifa". Neno hilo lina maana ya afya pia, na maana hizo mbili hazigombani: taarifa iliyoguswa ni taarifa iliyougua.

Haifai mhakiki ahesabu makosa peke yake. Yapo maneno yaliyofaulu, na kufaulu kwake kwatufunza zaidi. "Udukuzi" ni moja. Ni la ukoo mmoja na "dukiza", kusikiliza kwa siri maneno yasiyokuhusu, na kwa hiyo lilipopelekwa katika kompyuta lilikwenda na tabia yake yote: kuvizia, kuingilia, kujua pasipo kujulishwa. "Virusi" ni la pili. Lilikuja kutoka nje, likatua katika ngeli ya ki na vi kwa sababu ya silabi yake ya mwanzo, na wasemaji wakaunda umoja wake, "kirusi", bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Sarufi ilimpokea mgeni, ikampa kiti.

La tatu ni "namba ya siri". Wataalamu walitupa "nywila" na "nenosiri", nayo hutumika katika vitabu na katika programu zilizotafsiriwa. Lakini tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata, maneno yaliyoenea kutoka mjini hata mwaloni ni namba ya siri. Ni maneno mepesi, yana sarufi kamili, na hayahitaji kamusi. Hata hivyo, hapa ndipo mwanaisimu apaswapo kuonya, kwa kuwa neno laweza kueleweka na bado likapotosha. Siri katika maisha yetu si mali ya mtu mmoja. Twasema siri ya nyumba, siri ya ukoo, siri yetu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haihesabiwi kuwa mwizi. Siri kwetu ni jambo linalojulikana na wale wanaostahili. Mama mzee akiambiwa hii ni namba yako ya siri, huelewa kwa ufasaha kabisa: humwambia mjukuu wake, kwa sababu mjukuu ni wa ndani, na kama macho yake hayaoni vema, humtajia wakala kibandani ili ambonyezee, kwa sababu wakala ni jirani. Kwa kipimo cha Kiswahili hakutoa siri. Kwa kipimo cha mtambo ametoa kila kitu. Mtambo haujui jirani wala mjukuu. Humjua mwenye namba. Tofauti hii ya maana haimo katika orodha yoyote ya istilahi niliyoisoma, wala haiwezi kumo, kwa sababu orodha huweka neno mbele ya neno, na tofauti i katika matumizi.

Nakuja sasa kwa jambo lililonifanya niandike. Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyeujua ujumbe usemao: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Watu huucheka, na umekuwa mfano wa mzaha. Mimi nauona kuwa sentensi iliyotungwa kwa ustadi, na wanafunzi wa ulinzi wa kompyuta wangepaswa kuichambua kabla ya kugusa mashine. Bibi E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alieleza ya kwamba kionyeshi cha -le kikitangulia jina hakionyeshi umbali tu, bali huashiria kitu kinachojulikana tayari kwa msemaji na msikilizaji. Hiyo ndiyo kazi ya "ile" hapa. Mwandishi hasemi pesa gani, wala za nini, wala kiasi gani. Humwachia msomaji azitafute kumbukumbuni mwake. Na nani asiye na pesa za kutuma? Huko Ilagala, kama katika mialo yote, biashara nyingi huendeshwa kwa mali kauli: mtu huchukua dagaa au mawese leo kwa ahadi, akalipa akisha kuuza. Kwa hiyo siku yoyote ile pana mtu anayedaiwa, na neno "ile" humkuta na deni lake mkononi.

Tazama pia "hii". Sentensi yaanza mbali, katika jambo la zamani tulijualo sote wawili, yaishia karibu, katika namba iliyo mbele ya macho. Kati yake pana "tuma", amri tupu, haina tafadhali wala naomba. Kwa adabu zetu, amri tupu hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, au kwa mdai kwenda kwa mdaiwa, au kwa mtu wa nyumbani asiyehitaji kubembeleza. Hapana salamu, hapana jina. Mgeni angejitambulisha, asiyejitambulisha ni mwenyeji. Mtu akipiga hodi Ilagala akaulizwa nani, hujibu "Ni mimi", naye hufunguliwa, kwa sababu sauti imekwisha kumshuhudia. Ujumbe wa maandishi umelichukua jibu hilo la hodi, ukaiacha sauti nje.

Wataalamu wa somo hili wana jina la hila za aina hii, nalo katika lugha lilikotoka ni mchezo wa tahajia juu ya kazi ya kuvua samaki. Watafsiri wetu huandika "wizi wa data", au "ulaghai", au "hadaa". La kwanza halifai, kwa sababu mwizi huchukua, lakini huyu hupewa. Mengine mawili ni sahihi ila ni mapana mno. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wangeweza kutusaidia. Wao huvua dagaa usiku wa giza kwa taa. Dagaa hafukuzwi kuingia wavuni. Huufuata mwanga kwa hiari yake, na wavu huwa chini. "Kuvua kwa taa": hapo kuna hila yote, pamoja na giza linaloifanya iwezekane.

Serikali haikukaa kimya. Kati ya mwaka 2019 na Januari 2020 laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole. Mamlaka ya Mawasiliano iliwapa wananchi namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli, na njia ya *106# ya kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Ni hatua njema. Lakini zote zamkamata mtu baada ya sentensi kufanya kazi yake, au zamtaka msomaji aitambue sentensi kwanza ndipo aitoe taarifa. Kuitambua ni kazi ya lugha.

Je, vyuo vyetu vyafanya nini katika kazi hiyo? Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina shahada ya kwanza ya uhandisi wa usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Ni jambo la kujivunia. Tuchukue kijana wa Ilagala aliyefaulu akaenda kusoma shahada ya namna hiyo. Amefundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza katika sekondari na chuo. Atajifunza kuficha maandishi kwa hesabu, kuchunguza mashine iliyoshambuliwa, na kusoma barua za uongo zilizoandikwa kwa jina la benki za nchi za mbali. Akirudi likizo, mama yake muuza mawese atamwonyesha simu na kumwuliza kama ujumbe huu ni wa kweli. Kijana atajua jibu, ila hatakuwa na maneno ya kulieleza. Atasema, "Mama, huu ni utapeli, ufute." Mama ataufuta, na kesho utakuja mwingine uliobadilishwa maneno mawili, na mtoto atakuwa amerudi Dodoma. Adui huja kwa Kiswahili, na mlinzi amefundishwa kwa Kiingereza. Elimu imelipiwa kwa mawese, ikarudi nyumbani bubu.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, nazo si za kupuuzwa. Vitabu vya somo hili ni vya Kiingereza. Lugha za kuandikia programu zimechota maneno yao humo. Mhitimu ataka kazi, na kazi nyingine zi nje ya nchi. Udhaifu mpya wa mashine ukigunduliwa leo, habari yake hutangazwa leo kwa Kiingereza, na asiyeisoma hubaki na mlango wazi. Hayo yote nayakubali. Sidai Kiingereza kiondoke darasani. Mimi mwenyewe nimesomea shahada yangu ya udaktari ughaibuni, na sijutii lugha niliyoisomea. Ninachokataa ni dhana ya kwamba mwenye kujua jambo kwa lugha moja atalieleza lenyewe kwa lugha ya pili pasipo kufunzwa. Daktari hufunzwa kuzungumza na mgonjwa. Mlinzi wa kompyuta hulinda watu kabla ya kulinda mashine, naye hafunzwi.

Wala lawama si ya wahandisi peke yao. Sisi wanaisimu tumewapelekea orodha za maneno, tukadhani tumewapelekea lugha. Istilahi isiyo na sentensi ni mtumbwi usio na kasia: waelea, hauendi. Nani miongoni mwetu ameichukua orodha yake akaenda kuisoma mbele ya wakala wa fedha, muuza dagaa na mwalimu wa shule ya msingi, akawaomba wamweleze walichosikia? Kipimo hicho ni rahisi, na ni kikali kuliko kamati yoyote.

Napendekeza mambo matatu, madogo kwa makusudi ili yatendeke. La kwanza, kila mwanafunzi wa shahada ya ulinzi wa kompyuta aandike kwa Kiswahili, kabla ya kuhitimu, maelezo ya hila moja na kinga yake, na maelezo hayo yasomwe kwa watu wasiosoma somo hilo; wasipoelewa, arudie. La pili, idara za kompyuta na taasisi za Kiswahili zikusanye ujumbe wa kitapeli kama tunavyokusanya methali na ngano, zikitazama vionyeshi, amri, salamu zilizopo na zilizoachwa, kwa kuwa hila hubadilisha maneno lakini hubadilisha sarufi polepole. La tatu, kila istilahi ya ulinzi ichapishwe pamoja na sentensi mbili: moja ya mhandisi na moja ya mtu wa sokoni. Tukishindwa kuiandika ile ya pili, tujue ya kwamba bado hatuna istilahi.

Kiswahili kilifika Ujiji kwa miguu, pamoja na misafara ya karne ya kumi na tisa, kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Kilikuwa lugha ya kuaminiana kati ya watu wasiojuana, na kila biashara ya kando ya ziwa ilisimama juu ya uaminifu huo. Matapeli wameligundua hilo mapema kuliko vyuo. Kazi iliyo mbele yetu ni kumwezesha muuza mawese wa Ilagala, asomapo "ile pesa", aulize kwa lugha yake mwenyewe: ipi?